Pumzi ya Mrina Asali

Baba yangu alinifundisha kuogopa kwa ustadi. Hakuniambia nisiogope, kwa sababu alijua hilo haliwezekani kwa mtu aliyekaa kwenye tawi la mninga, mkono mmoja umeshika kienge cha moshi na mwingine unafungua mzinga uliojaa nyuki. Aliniambia niogope tu, ila nifunge pumzi. Nyuki, kwa maelezo yake, hamjui mtu kwa sura. Anamjua kwa pumzi. Pumzi ya moto ya mtu mwenye hofu ikimgonga, ameshapata habari yote anayoitaka, na wenzake wanajulishwa hapohapo.

Kwetu ni Uyui, mkoani Tabora, upande wa Kigwa, vijiji vya kando ya reli. Ukivuka reli na kuyaacha mashamba ya tumbaku nyuma yako, unaingia kwenye miyombo, na humo ndimo baba alimotundika mizinga yake ya magome, mingine mbali kiasi kwamba alikwenda kwa baiskeli na kulala hukohuko. Mimi ni mtoto wake wa kiume wa pekee, nyuma ya dada watatu, kwa hiyo mizinga ile ilikuwa inanisubiri tangu nilipozaliwa. Sikuitaka. Nilimwogopa nyuki kuliko nilivyomwogopa Mungu, na sisi ni Wamoraviani, tulifundishwa kumwogopa Mungu sawasawa.

Mafunzo yalianzia uani, kabla sijapandishwa mti wowote. Jioni baada ya kula, baba aliniketisha kwenye kigoda, akaweka kiganja chake mbele ya mdomo wangu, karibu lakini bila kunigusa. Kisha alinishtua. Mara apige sufuria kwa mwiko nyuma ya kisogo changu, mara amchokoze mbwa arukie upande wangu. Siku moja alimwomba mama aniwekee kinyonga shingoni. Kiganja chake kikipata joto la pumzi yangu, alisema, "Umeumwa," na tukaanza upya. Mama alisema ni ukatili kumfanyia mtoto hivyo, na kinyonga alikwenda kumtafuta yeye mwenyewe.

Nilipopanda mti mara ya kwanza nilikuwa bado shule ya msingi. Baba alibaki chini ameshika kamba ya ndoo. Nilipotoa mfuniko wa mzinga, mlio wa nyuki ulibadilika, ukawa mzito na wa karibu, na kila mrina asali anaujua mlio huo. Hofu ilinishuka hadi kwenye nyayo. Nilidhani nitajikojolea, na kidogo nilijikojolea. Lakini pumzi ilijifunga yenyewe, wala sikuiamuru. Nyuki walinitembea mikononi na usoni wakinipeleleza, hawakukuta kitu, nami nikakata masega nikayashusha. Baba hakunisifu pale mtini. Alinisifia dukani karibu na stesheni, mbele ya watu, kwa wiki nzima.

Nilijiunga na jeshi ili nisirithi mizinga. Fuata nyuki ule asali, wanasema wasiowajua nyuki, mimi niliwakimbia. Tulipokuwa mafunzoni walikuja maofisa wa wanamaji kutafuta vijana wa kufundishwa uzamiaji, nikanyoosha mkono kwa sababu moja tu, kwamba sikuwahi kusikia mzinga wa nyuki chini ya bahari. Kuogelea nilijua kwa mtindo wa lambo la ng'ombe, kichwa juu kama mbuzi anayevushwa mto. Vijana wa pwani walinicheka hadi wakakaa chini.

Kisha wakaleta mapipa ya maji, kila mmoja azamishe uso wake na kukaa humo kadiri awezavyo. Wenzangu waliinuka mmoja baada ya mwingine wakikohoa. Mimi nilikaa. Nilikaa hadi mtu akanishika ukosi wa shati akanivuta, akidhani nimezimia. Ofisa mmoja aliuliza natoka wapi, nikamwambia Tabora, akawatazama wenzake akatikisa kichwa. Sikumweleza kwamba ndani ya pipa lile nilikuwa nimekufa kwa woga, na kwamba nikiogopa, pumzi yangu hujifunga. Waliona kipaji. Nikachaguliwa.

Kabla ya kwenda pwani nilipewa ruhusa ya kupita nyumbani, na baba alinisindikiza hadi stesheni ya Tabora na mfuko wa matobolwa, viazi vyetu vile vya kuchemsha na kukausha, pamoja na chupa ya asali. Reli ile inafuata njia waliyoipita mababu zetu wakishuka pwani na pembe za ndovu mabegani, na baba hakosi kulitaja hilo kila anapoona treni. Alinikumbusha kwamba niendako nina watani: Wazaramo, Wakwere, Wazigua, wote waliokaa kwenye njia ya misafara wakataniana na wapagazi wetu, na utani huo haujafutwa hadi leo. Mtani akinitukana nicheke, akichukua kitu changu nimwache. "Mtani hapewi," alisema. "Huchukua mwenyewe." Kisha treni ikapiga honi, na mimi nikajikuta nimebana pumzi.

Mkufunzi wetu kambini alikuwa Mzaramo, sajini mfupi mwenye kitambi, aliyetembea nchi kavu kwa shida na majini kwa raha. Alipojua mimi ni Mnyamwezi alifurahi kama mtu aliyeokota pesa. Aliniambia mbele ya wote kwamba babu yangu alifika kwao na pembe begani, akaiona bahari, akaacha mzigo akakimbia, na sasa serikali imenigharamia nije kuufuata ule mzigo. Nilimjibu kwamba babu alikimbia harufu ya vibua, samaki wa kwao. Kozi nzima ilidhani nitachimbishwa handaki kwa kumjibu afande hivyo. Yeye alicheka hadi akashika kitambi. Hiyo ilikuwa nje ya kazi. Kazini hakutaniana na mtu.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: usibane pumzi. Alieleza kwamba hewa unayoivuta kutoka kwenye mtungi ukiwa chini imeshindiliwa na uzito wa maji, na kadiri unavyopanda inatanuka. Ukipanda huku unapumua, inatoka. Ukipanda umeifungia, haina pa kwenda.

Tuliitikia "Ndiyo, afande" bila kuelewa, naye akajua hatujaelewa. Akachukua puto la mtoto, la rangi nyekundu, akatuchukua kwa boti hadi penye maji maangavu, akazama nalo. Tulimwona kule chini akilijaza hewa ya mtungi wake na kulifunga. Lilikuwa na ukubwa wa embe. Akaliachia. Lilipanda taratibu, likivimba, likizidi kung'aa na ngozi yake kuwa nyembamba, na kabla halijafika juu likapasuka. Vipande vyekundu vikaelea karibu na boti. Sajini akatoka majini akavikusanya mkononi, akasema, "Hilo ni pafu."

Wenzangu walicheka. Mimi nilishika kifua changu kwa mikono miwili. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa mtini, kwa sababu nilijijua. Kitu kimoja tu kilichonitoa Uyui na kunifikisha pale, ndicho kile kile ambacho kingenipasua.

Haikuchukua muda kuthibitika. Tulikuwa kwenye bwawa la mazoezi, upande wenye kina, nimekaa sakafuni napumua vizuri, nikianza hata kujiona mtu. Sajini akaja kwa nyuma akaning'oa miwani usoni bila kuniambia. Ndivyo wanavyofanya, wanataka waone utafanyaje. Maji yaliniingia machoni na puani, dunia ikawa ukungu, na pumzi ikajifunga palepale kama uani kwetu. Miguu ikasukuma sakafu, nikaanza kupanda. Nilihisi kifua kinajaa bila mimi kuvuta kitu. Kisha mkono ukanikamata mkanda ukanirudisha chini, na ngumi ikanipiga tumboni, mapovu yakanitoka yote kwa pamoja.

Juu hakunifokea, na hilo lilinitisha zaidi. Aliniuliza nani alinifundisha kubana pumzi namna ile, maana alikuwa amewaona waoga wengi na wote walihema kama mbwa. Nikamweleza habari ya nyuki, kiganja, sufuria na kinyonga. Alisikiliza hadi mwisho, akajifuta uso kwa taulo, akaniambia mtihani wa mwisho ni wa kupanda kutoka chini bila kipumulio, huku unatoa pumzi njia nzima. Nikibana, sitakuwa mzamiaji, nitarudishwa kulinda geti. Hiyo ni kama nitakuwa na bahati. Bila bahati nitarudi Tabora kwa treni nimelala.

Tangu siku ile nilianza kujichunguza, na nilichokiona kilinitia simanzi. Sahani ikianguka bwaloni, nimebana. Pikipiki ikinipita karibu barabarani, nimebana. Nilimwomba mwenzangu wa chumba anishtue ghafla mara kwa mara, nijizoeze kutoa pumzi, na alifanya kazi hiyo kwa bidii iliyopita kiasi. Haikusaidia. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa mapema na mtu aliyejua kukunja. Kifua changu kilikuwa kinamtii baba, hakinitii mimi.

Na baba alikuwa akipiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Aliuliza kama nakula, kama maji ya huko ni ya baridi, kama nimepata watani. Alikuwa ameshatangaza dukani kwamba mwanawe ni mzamiaji wa jeshi, ingawa nilikuwa bado sijawa chochote. Kila mara, kabla ya kukata, alishusha sauti akasema jambo lile lile. "Ukiogopa, mwanangu, funga pumzi." Nami nilijibu, "Ndiyo, baba," nikakata simu, nikabaki nimeishika mkononi jasho likinitoka. Alikuwa ananipa kitu cha thamani kuliko vyote alivyonavyo.

Siku ya mtihani tuliamka alfajiri. Nilikunywa chai, ikarudi. Tulipanda boti, tukasimama penye kina cha kama mnazi mrefu, na kamba nene ikashushwa yenye uzito mwishoni ili tuifuate. Tulikuwa tunaitwa mmoja mmoja. Aliyetoka alipanda botini akicheka kicheko cha ajabu, kama aliyesamehewa deni. Mimi niliwekwa mwisho. Nilikuwa natazama kamba inavyopotea kwenye bluu, na nilijua kabisa, kama ninavyojua jina la mama yangu, kwamba nitabana pumzi.

Sajini akaja akakaa karibu nami, akiwa ameshavaa mtungi. Akanisemesha kwa sauti ya nje ya kazi.

"Mtani, nimeshaupanga msiba wako," alisema. "Nitakwenda mimi mwenyewe. Nitalala kaburini wasikuzike mpaka wanipe mbuzi. Halafu nitasimama mbele ya mama yako nikuigize ulivyokufa. Hivi."

Akajaza mashavu hewa, akayatoa macho, akatulia hivyo.

Wenzangu wa bara na wa pwani waliinama kwa kicheko, kwa sababu kila mmoja wao amewahi kuona watani wakifanya hivyo msibani: mtani anavaa koti la marehemu, anatembea kwa mwendo wake, anakohoa kikohozi chake, na wafiwa wanacheka katikati ya machozi. Ni haki yake, na hakuna wa kumzuia. Mimi sikucheka. Nilimwona mama uani kwetu, kanga kichwani, akiyatazama mashavu yale, na nilitaka kumpiga sajini ngumi ya pua. Wakati huohuo nikaitwa.

Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Nikashuka naye, yeye upande mmoja wa kamba na mimi upande mwingine. Chini kulikuwa na mchanga wa kijivu na ubaridi unaoingia kwenye mifupa. Aliniuliza kwa ishara kama niko sawa, nikamjibu kwa ishara kwamba niko sawa, uongo mtupu. Nikavuta pumzi ya mwisho. Akanitoa kipumulio mdomoni.

Ikajifunga. Namshukuru Mungu kwamba naikumbuka vizuri, kwa sababu ndiyo hofu kubwa ya maisha yangu na nisingependa kuipoteza. Midomo ilibanana, koo likaziba, kifua kikawa gogo. Kichwani nilikuwa napiga kelele, toa, toa, na mwili haukusikia. Nilikuwa mtoto kwenye kigoda na kiganja cha baba kiko mbele ya mdomo wangu. Miguu ikaanza kupiga. Sajini alikuwa ameshika mkanda wangu kwa mkono mmoja, sikupanda, na mkono wake wa pili niliuona umekunja ngumi. Nikaingoja ngumi. Ngumi ikija, mtihani umekwisha, nimefeli.

Hakupiga. Aliusogeza uso wake hadi miwani yetu ikakaribia kugusana, akakitoa kipumulio chake mwenyewe, akajaza mashavu, akatoa macho. Akaniigiza. Kule chini, na mimi bado hai, mtani wangu alikuwa ameshaanza msiba.

Sijui kilichonitoka kilikuwa hasira au kicheko. Mtani akikuchokoza barabara, hivyo viwili hutoka pamoja, na pumzi ikatoka navyo. Nikamtukana. Nilimtukana kwa Kinyamwezi, lugha ya nyumbani, maana sikuwa na nafasi ya kuchagua nyingine, na kila tusi lilikuwa fundo la mapovu. Akaniachia mkanda. Nikapanda na kamba nikimtukana yeye, kitambi chake, vibua vyao, bahari yao na aliyewaleta hapo. Nilishangaa pumzi haiishi. Nilitoa, nikatoa, na kifua kiliendelea kujijaza chenyewe kutoka ndani, kama alivyotueleza, na bado nilikuwa na matusi nilipotokeza juani.

Yeye akaibuka nyuma yangu. Aliniomba niyarudie, eti mengine hakuyasikia vizuri kule chini. Niliyarudia nikilia. Ndivyo nilivyofaulu.

Miaka imepita tangu hapo. Nimekagua matumbo ya meli, nimefunga nyaya kwenye vyombo vilivyozama, na nimewatoa watu ambao ndugu zao walikuwa wanasubiri juu, kazi ambayo sitaieleza hapa. Watu huniuliza kama nimezoea. Sijazoea. Kila nikikaa pembeni mwa boti nikiwa nimevaa mtungi, naogopa upya. Tofauti ni kwamba siku hizi hofu ikija, pumzi inatoka, ndefu na taratibu, na tusi la Kinyamwezi likiwa limetangulia. Nilidhani nimeshinda. Sikujiuliza kama nimepoteza kitu.

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani. Baba amezeeka, magoti yamekataa miti, baiskeli inaegemea ukuta. Hakulalamika, lakini siku ya pili alinionyesha ndoo zilizooshwa na kamba mpya, akasema kuna mzinga mmoja kwenye mninga mkubwa, umejaa hadi unalia, na vijana wa pale kijijini wanauchungulia. Hakuniomba. Alisema tu kwamba ndio mti nilioanzia. Nikajua nitapanda, nikaogopa mbele ya mzee, mimi mtu mzima, mzamiaji wa jeshi.

Alasiri tukaenda kwa pikipiki, yeye nyuma amekumbatia ndoo. Mbung'o walituuma njia nzima. Tulipofika alikiwasha kienge mwenyewe, akakipuliza hadi kikatoa moshi mweupe, akanipa. Akasema, kwa sauti ile ya kwenye simu, nikiogopa nifunge pumzi. Nikasema ndiyo, baba. Nikapanda.

Mwili ulikumbuka matawi yote. Nilifika, nikajiegemeza, nikapuliza moshi kwenye tundu kama inavyotakiwa, nikatoa mfuniko. Mlio ukabadilika. Hofu ikanishuka hadi kwenye nyayo, ile ile, haijazeeka hata kidogo. Na pumzi ikatoka. Ilitoka yote, ndefu na ya moto, moja kwa moja ndani ya mzinga, na tusi juu yake.

Sitaweza kueleza kelele yake. Waliniingia nywelani, masikioni, ndani ya kola. Niliangusha kienge, nikateleza kwa kamba viganja vikichunika, nikaanguka sehemu ya mwisho, nikakimbia kwenye vichaka kama mwizi. Baba alinifuata kwa magoti yale yale, akiwa amekiokota kienge, akinizungushia moshi hadi wakaniacha. Tukaketi mbali, kwenye kichuguu. Alitoa kisu akaanza kunikwangua miiba usoni, mmoja mmoja. Kila mwiba ulipotoka, shavu lilizidi kuvimba. Alikuwa amekasirika, niliona kwa jinsi mkono wake ulivyokwangua.

"Nilikufundisha nini?" aliuliza mwishowe.

Basi nikamweleza. Nilimweleza habari ya puto jekundu, jinsi lilivyopanda likivimba na likapasuka kabla ya kufika juu, na kwamba lile ni pafu. Nikamweleza ngumi ya bwawani, na siku ya mtihani, na mtani aliyejaza mashavu. Alikuwa ameacha kukwangua. Kisu kilikuwa kimesimama hewani karibu na jicho langu.

"Ukiibana linapasuka?"

"Linapasuka, baba."

"Na mimi kila Jumapili nakwambia uibane."

Aliweka kisu chini kwenye majani, akatazama mti, nyuki wakiwa bado wanauzunguka kwa hasira. Midomo yake ilikuwa inatetemeka. Nimemwona baba akimzika mama bila midomo kutetemeka, nikaogopa. Niliogopa kuliko nilivyoogopa kule mtini.

"Huyo Mzaramo anakula asali?" aliuliza.

Nikasema anakula.

"Mtani hapewi, huchukua mwenyewe," alisema. "Lakini huyu mpelekee."

Kisha akauinua mkono wake wa kulia, mkavu, umejaa makovu ya miiba ya zamani, akaweka kiganja mbele ya mdomo wangu, karibu lakini bila kunigusa. Pumzi yangu ikasita. Hata sasa, nikiwa na umri huu, ilisita yenyewe mbele ya kiganja kile, na yeye akaihisi.

"Toa," alisema.

Nikatoa. Hakukiondoa kiganja. Akaniambia tena, nikatoa tena, na alikiacha pale hadi nyuki waliporudi mzingani na jua likatuacha kwenye kichuguu.